Hadithi Iliyokosa Mwenyewe

Watu wa Lushoto wana adabu kupita kiasi. Ukipatwa na msiba watakulimia shamba, watakuchotea maji, watakuletea kuni kavu hata kama kwao wanapikia mbichi, lakini kile kilichokuumiza hawatakigusa kwa neno lolote. Mgeni akiona hivyo husema hawa ni watu wema, na kweli ni wema. Fundi Sefania Shemhilu ndiye aliyejua jinsi wema huo unavyoweza kummaliza mtu.

Cherehani chake kilikaa barazani kwa duka la Mzee Abdallah, ng'ambo ya soko, na hapo alishona kila kitu ambacho mji mdogo unahitaji: sare za shule, majoho ya kwaya ya Kilutheri, kanzu za Idi, na viraka vya makoti, maana baridi ya Julai huko juu haina huruma na mtu. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kubana midomo kama ameshika pini hata siku ambazo hana pini. Shule aliiacha darasa la nne kwenye misheni ya Mlalo, ila mwandiko wake ulikuwa safi kama mshono wake, na watu walisema hivyo bila kumsifu sana, kwa sababu kumsifu fundi ni kumfanya apandishe bei.

Yeye na mkewe Marta walipata mtoto mmoja tu, baada ya kungoja mpaka watu walipokwisha kuacha kuwauliza. Wakamwita Yunis. Tangu hapo mji ukasahau majina yao ya ubatizo: huyu akawa Baba Yunis, yule Mama Yunis, na wao wenyewe wakaitana hivyo kwa raha zote. Mtoto alikulia chini ya cherehani, akichambua vifungo kwa rangi na kuvitia katika kopo la majani ya chai. Baba alipotaka kifungo cheusi cha mashimo manne alinyoosha mkono tu bila kutazama, nacho kikatua kiganjani.

Masika ya mwaka sitini na nne yalikuwa mabaya. Yunis alikuwa na miaka tisa. Alitoka shule na wenzake, wakafika kwenye daraja la magogo, na daraja likaenda na maji wakiwa juu yake. Wenzake walitolewa wakiwa hai. Yeye hakuonekana. Watu waliufuata mto mpaka Soni, wakateremka nao mpaka Mombo kwenye joto na mbu, wakapekua kila tope na kila tumbo la jabali. Mto haukumrudisha. Mchungaji alisali ukingoni, watu wakaimba, kisha wakarudi makwao, na hapakuwa na udongo wa kutupia hata konzi moja.

Ndipo adabu ilipoanza kazi yake. Kule jina la mtoto aliyefariki halitajwi ovyo mbele ya wazazi wake, na jina lililokosa kaburi ndiyo kabisa, maana ni kama kumwita mtu asiyejua njia ya kurudi. Wiki ile ile watu wakaacha kusema Baba Yunis. Akawa Fundi. Marta akawa Marta tena, kama msichana ambaye hajaolewa. Hakuna aliyeitisha kikao cha kuamua hivyo. Jambo lilijipanga lenyewe, likaingia mpaka ndani ya nyumba. Marta hakulitamka jina la mwanawe tangu siku ya ukingoni, na mumewe alipomwita Mama Yunis mara moja, kwa mazoea, yeye aliweka chini sufuria na kutoka nje. Mumewe hakurudia tena. Akaitwa Fundi sokoni, akaitwa Fundi na kitandani.

Kila masika yalipoanza Marta aliacha jembe na kwenda kukaa kwenye daraja jipya, anatazama maji, mvua inamnyeshea, mpaka mumewe afunge cherehani na kumfuata. Hakulia. Alikuwa anangoja, na mtu anayengoja humchosha anayemtazama kuliko mtu anayelia.

Sefania aliona mtoto amekufa mara moja lakini jina lake linakufa kila siku, kwa heshima zote. Jambo hilo lilimuuma pabaya. Picha ya mtoto hawakuwa nayo, kaburi hawakuwa nalo, na jina lenyewe sasa lilikuwa limebaki katika daftari la shule ambalo panya walikuwa hawajalimaliza. Akanunua karatasi. Saa za mchana, soko linaposinzia na Mzee Abdallah amekwenda kuswali, aliweka ubao juu ya cherehani akaandika.

Alichoandika kilikuwa kirefu, lakini kiini chake kilikuwa hiki. Msichana anaitwa Yunis. Daraja linachukuliwa na maji, yeye anashika mzizi, anabaki ng'ambo. Nyumbani kwao kunaonekana kule, moshi wa jikoni anauona, lakini mto ni mpana. Basi anasema moyoni: kila mto una mahali ulipo mdogo, nami nitapanda mpaka nipafikie, nivuke, nirudi kwa mama. Anapanda. Kila kijiji anachopitia wanamwomba kazi moja na kumfundisha kazi moja; hapa anajifunza kusuka vikapu, pale anajifunza kuzalisha wanawake. Anapita msitu wa Magamba kwenye ukungu ambao mtu haoni mkono wake. Anakua akiwa njiani, anavunja ungo njiani, anaanza kuota mvi njiani, na mto unapungua pole pole, mpaka siku moja anaukuta umekuwa upana wa kiganja, unachuruzika chini ya jiwe. Anauvuka kwa hatua moja. Kisha anateremka upande wa pili, anafika usiku, anabisha. Mama yake anauliza, nani? Naye anajibu: Mimi Yunis.

Neno la mwisho katika kitabu kizima lilikuwa hilo jina. Sefania alilipanga hivyo makusudi. Alitaka lichapishwe kwa wino mweusi, libaki juu ya karatasi hata wanaoona haya kulitamka wawe wamekufa wote. Aliyekosa kaburi, alijiambia, apate hata jalada. Hiyo ndiyo tamaa pekee iliyombakia duniani.

Wakati huo wilaya ilikuwa na Bwana Maendeleo aitwaye Paskali, kijana kutoka Songea, mwenye juhudi nyingi na koti jepesi. Azimio lilikuwa limetangazwa mwaka uliopita, kila mtu alitakiwa kujitegemea kwa jambo fulani, naye Paskali aliamua kwamba Lushoto ijitegemee kwa vitabu. Akatangaza kwamba kila mwezi, Jumamosi moja alasiri, mwananchi yeyote aliyeandika chochote aje ukumbi wa maendeleo asomee wenzake. Watu walidhani ni mzaha. Hata hivyo walikwenda, kwa sababu ukumbini kulikuwa na mabati mazuri na mvua ilikuwa inanyesha.

Mwezi wa kwanza alisoma mwinjilisti mmoja aliyeandika juu ya ufugaji wa nyuki, na alipofika sura ya kurina asali nusu ya ukumbi walikuwa wanabishana naye. Mwezi wa pili mwalimu mmoja alisoma shairi la kusifu kabichi za ushirika. Lilikuwa refu. Mzee mmoja aliamka lilipokwisha akauliza kama kabichi zimekwisha pakiwa. Mwezi wa tatu akasimama Fundi Sefania, akasoma ukurasa wa kwanza.

Alipotamka Yunis, ukumbi mzima ukainamisha macho. Wanawake wakajifunika midomo kwa kanga. Paskali, mtu wa kuja, alidhani hawajapendezwa, akawa anahangaika kitini. Lakini hakuna aliyeondoka. Sura ilipokwisha Mwanaidi, muuza mapeasi, mwanamke ambaye sauti yake inajulikana kuanzia sokoni mpaka hospitali, akasema taratibu, "Mwezi ujao tutakuja."

Wakaja, mwezi huo na miezi mingine yote, zaidi na zaidi, wengine kwa miguu kutoka vijiji vya mbali. Marta peke yake hakuja. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kufua, na mambo ya karatasi, alisema, ni ya waliokwenda shule. Hakuuliza mumewe anasoma nini. Majirani nao, kwa adabu ile ile, hawakumwambia.

Kumbuka kwamba watu hawa hadithi haiwaingii sikioni ikakaa. Inaingia ikatoka kwa mdomo. Walipokuwa wakirudi makwao waliisimulia kwa Kisambaa shambani, mtoni, kwenye lori la kabichi linaloteremka Mombo. Ilifika Bungu, na huko msichana akapewa kisu cha babu yake. Ilifika Mlalo, akawa binti wa mtu mkubwa. Magoma, kule chini kwenye joto, wakaongeza mamba wawili, kwa sababu watu wa bondeni hawaamini mto usio na mamba. Kila mahali iligeuka kidogo, na kila mahali jambo moja halikugeuka: msichana hakuwa na jina. Aliyeisimulia mara ya kwanza alijua ni mtoto wa Fundi, akaona vibaya kulitaja. Akasema yule msichana. Aliyeisikia kwake hakujua kwamba kulikuwa na jina la kuficha. Na mwishoni, mama anapouliza nani, wote walimjibisha: Mimi mwanao.

Mwanzoni Sefania alifurahi. Alisikia wachuma chai wawili wakibishana kama msichana angepitia njia hii ya Magamba au ile, akacheka peke yake juu ya cherehani, jambo ambalo Mzee Abdallah alilieleza mjini kama muujiza. Wacha waisimulie, alisema. Kitabu kikitoka watalisoma jina. Akanakili yote upya kwa mwandiko wake mzuri, Paskali akaifunga kwa kamba na kuipeleka Dar es Salaam kwa wachapishaji. Huo ulikuwa mwaka wa sabini, mwaka wa elimu ya watu wazima, na Sefania alimwambia Paskali kwamba kitabu kikitoka atakula pilau siku tatu. Masikini, alikuwa hata hapendi pilau.

Akangoja. Karatasi zikaadimika nchini, wakasema subiri. Mchapaji akaumwa, wakasema subiri. Katika kungoja huko walikuja watu wa elimu ya watu wazima na mashine ya kunasa sauti, wanakusanya hadithi za jadi ili watunge kitabu cha kusomea wanakisomo, wale wakubwa waliokuwa wakijifunza kusoma. Waliuliza nani hodari wa kusimulia. Mji mzima ukanyoosha kidole kwa Mwanaidi. Akakaa mbele ya mashine, akasimulia hadithi tatu za sungura, na ya nne ikawa ile ya msichana aliyepanda mto. Walipomuuliza ni ya nani, akasema ni ya wazee.

Jibu kutoka Dar es Salaam lilifika baada ya kitabu cha kisomo kutoka, pamoja na karatasi zake zote zikiwa zimefungwa kwa kamba ile ile. Lilikuwa la heshima sana. Walisema lugha yake ni nzuri, ila hadithi hiyo ni ya kale ya Wasambaa na imekwisha chapishwa hivyo. Mtu mmoja hawezi kuweka jina lake juu ya kitu ambacho ni mali ya umma. Basi Azimio lilikuwa limetaifisha mabenki na mashamba makubwa ya mkonge, na wenyewe wakalalamika na wengine wakalipwa fidia. Sefania alitaifishiwa mtoto, na hapakuwa na dirisha la kwenda kudai.

Alikwenda kwa Mwanaidi sokoni. Hakumfokea, hakuwahi kujua kufoka. Alimwamkia, akanunua mapeasi ambayo hakuyataka, kisha akamuuliza kwa nini alisema ni ya wazee ilhali alikaa benchi la mbele tangu siku ya kwanza.

Mwanaidi alipanga mapeasi yake upya ingawa yalikuwa yamepangika. "Kaka Fundi," akasema, "ningesema ni yako wangeniuliza huyo mtoto ni nani. Ningelitaja jina lake mbele ya mashine ile, nayo inapeleka sauti kila mahali. Mama yake angelisikia redioni akiwa peke yake shambani. Mimi nina watoto. Sikuweza."

Sefania alijua kwamba hata yeye angefanya hivyo kwa mtoto wa mwingine. Mwanaidi akaongeza kwamba kama anataka, atasimama mbele ya watu aape kwa Mwenyezi Mungu kwamba hadithi ni ya Fundi. Na Paskali, ambaye sasa alikuwa amezoea baridi na kununua koti zito, aliposikia yote alikasirika kwa niaba yake, akaandika ofisi ya mkoa, akapata ahadi: itakuwapo Siku ya Vitabu pale ukumbini, atakuja mgeni rasmi Bibi Esta, yule aliyesimamia kitabu cha kisomo, na mwenye hadithi akitoa ushahidi hadharani na watu wakamshuhudia, toleo la pili litaandikwa jina lake, na msichana atarudishiwa la kwake.

Kwa hiyo siku moja tu ilibaki, na neno moja la kusema. Sefania alijishonea shati. Alikuwa hajajishonea shati jipya tangu msiba.

Nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika pia, na hilo alikuwa ameliona bila kulichunguza. Marta alikuwa ameacha kwenda darajani. Masika mawili yalipita akiwa shambani kwake, anapanda viazi kama watu wengine. Alikuwa amejiandikisha kisomo, anakwenda jioni na ubao wake, anarudi akivuta silabi midomoni. Alianza tena kutia chumvi ya kutosha kwenye mboga. Sefania alimshukuru Mungu kwa ajili ya kisomo, akadhani herufi ndizo zilizomponya.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ratiba ilianza na wanakisomo waliofaulu, kila mmoja asome mbele ya mgeni kipande alichokichagua mwenyewe. Mzee mmoja alisoma habari za mbolea akapigiwa makofi. Kisha akaitwa Marta Shemhilu. Alisimama na kitabu chake amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto, akatangaza kwa sauti ndogo, "Msichana Aliyepanda Mto. Hadithi ya kale ya Wasambaa."

Mwanaidi, benchi la mbele, aligeuka akamtazama Sefania. Ukumbi mzima ulijua na wote wakainamisha macho, kama zamani.

Alisoma vizuri. Alisoma polepole, kidole kinafuata mstari, akakwama mahali pawili na kurudia. Sefania alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mkewe, yamekatwa hapa, yameongezwa pale, lakini aliyatambua kama fundi anavyotambua mshono wake kwenye koti la mtu anayepita. Mama akauliza, nani? Marta akavuta pumzi. "A-ka-ji-bu. Akajibu: Mimi mwanao." Akafunga kitabu.

Makofi yalipokwisha Bibi Esta, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimuuliza kwa nini katika hadithi zote za kitabu amechagua hiyo.

Marta alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. "Niliisikia kwanza shambani, mwaka juzi, kwa wanawake wa kutoka Bungu," akasema. "Nilikuwa na shida yangu. Nikawauliza ni ya nani, wakasema ya wazee. Ndiyo maana niliishika. Ingekuwa ya mtu mmoja nisingeiamini, mtu mmoja anaweza kukuonea huruma akakutungia. Lakini wazee wote hawawezi kukubaliana uongo. Kama walisema yupo aliyepanda mto akarudi, basi walimwona."

Akaketi. Uso wake ulikuwa umetulia, uso ambao Sefania hakuwa ameuona tangu kabla ya mafuriko. Bibi Esta alikuwa anapangusa miwani yake. Naye Paskali, ambaye baada ya miaka yote ile alikuwa bado hajajua kusoma kimya cha watu wa milimani, akasimama kwa furaha na kutangaza kwamba kwa bahati njema tunaye hapa Ndugu Shemhilu, mwenye neno muhimu kuhusu hadithi hiyo hiyo.

Sefania alisimama na shati lake jipya. Alimwona Mwanaidi amekwisha anza kuinuka ili ashuhudie. Aliona, mistari miwili nyuma yake, mkewe akimtazama kwa mshangao na fahari kidogo, kwamba kumbe mume wangu naye ana la kusema. Jina lilikuwa hapo hapo nyuma ya meno. Kulitamka kulikuwa ni kumwambia Marta mbele ya ukumbi kwamba hakuna wazee waliomwona mtu, yuko fundi mmoja tu aliyemwonea huruma akamtungia. Masika yajayo angekuwa tena darajani. Akabana midomo kama ameshika pini.

"Ni kweli ya wazee," akasema. "Mimi niliisikia kwa bibi yangu."

Mwanaidi akaketi. Waliokaa karibu na Sefania walisogea wakampa nafasi, na mwinjilisti wa nyuki akamshika bega akaliachia. Bibi Esta akaandika kitu, akamshukuru kwa kuthibitisha.

Kuanzia siku ile Marta alisoma kila kilichokuwa na herufi. Alisoma magunia, alisoma vipande vya sabuni, alisoma matangazo ya TANU mpaka saini ya mwisho. Akaanza kuuliza kama nyumbani hakuna kitu kirefu zaidi cha kusoma, maana kitabu cha kisomo amekimaliza. Sefania alilala macho wazi. Karatasi zake zilikuwa sandukuni chini ya mabaki ya vitambaa, na kila ukurasa ulikuwa na jina lile, kwa mwandiko safi ambao hata mwanakisomo angeusoma bila taabu. Alipoandika, mkewe kutojua kusoma ndiko kulikomhuzunisha. Sasa kila silabi aliyojifunza ilikuwa hatua moja kuelekea lile sanduku.

Jumatatu alizibeba kwenda barazani ndani ya mfuko wa sare. Pasi yake ilikuwa ile ya mkaa. Akaifungua, akakunja ukurasa wa kwanza, akauweka juu ya makaa, akafunga, akapiga pasi kola ya shati la mtoto wa shule. Kisha wa pili. Karatasi nzuri haitoi joto kubwa, lakini alikuwa nazo nyingi, na alifanya hivyo asubuhi nzima bila kusoma chochote isipokuwa pale jicho lilipomponyoka. Alimwona Yunis anajifunza vikapu, kisha majivu. Alimwona anaingia kwenye ukungu wa Magamba. Mzee Abdallah alitoka dukani, akaona, akarudi ndani akajifanya anatafuta kitu.

Mchana Marta alikuja na makande kwenye sahani iliyofunikwa. Mumewe hakumsikia, alikuwa ameinama. Karatasi moja ilikuwa imeanguka kando ya mguu wa cherehani, ule ukurasa wa mwisho. Marta akaweka sahani, akaiokota, na kwa tabia yake mpya akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, palipokuwa na maneno machache, akaanza kuvuta silabi.

"Mi-mi," akasoma. "Mimi. Yu..."

Sefania alikuwa amengoja kusikia neno hilo katika kinywa chake kwa miaka kumi na moja. Aliinyakua karatasi mkononi mwake kabla hajafika silabi ya pili, akaikunja, akaitia ndani ya pasi na kushindilia kifuniko.

"Mbona wanipokonya?" Marta akasema. "Nilikuwa bado nasoma."

"Vipimo vya zamani," akajibu. "Vya mtu aliyehama."

Marta alimtazama kidogo, kisha akaitazama pasi. Akamwambia, "Fundi, inatoa moshi hiyo, utaunguza sare za watoto wa watu." Akavuta kigoda, akakaa kungoja sahani yake, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine karibu akalichukua lile kopo la vifungo, akaligeuza penye mwanga, akaanza kusoma maandishi yaliyobaki ubavuni mwake, silabi kwa silabi, bila kukosea.